Mtoto Aliyejichagulia Jina: Habari za Henry Morton Stanley

Mtu atokaye Kilosa kwenda Mikumi huuacha uwanda wa Mkata upande wake wa mashariki. Wakati wa kiangazi uwanda huo ni majani makavu na vumbi, na wanyama wa hifadhi ya Mikumi huzunguka humo wakitafuta maji. Masika yakiingia mambo hugeuka. Mito hujaa, udongo mweusi hugeuka kuwa tope la kunata, na mahali palipopitwa kwa miguu jana leo hapapitiki. Watu wa huku hatuhitaji kufundishwa habari za mafuriko.

Katika masika ya mwaka wa 1871 msafara mmoja ulikwama katika tope hilo. Reli ilikuwa haijajengwa, wala Wajerumani hawajafika. Mkuu wa msafara alikuwa kijana wa miaka thelathini, mwandishi wa gazeti la New York, aliyekuwa akimtafuta Dakta Livingstone. Wapagazi walitembea majini siku baada ya siku, na mizigo vichwani. Punda walizama na kufa. Mkuu mwenyewe alishikwa na kuhara damu, akakonda hata nguo zikampwaya, na mbwa wake aliyetoka naye mbali akafa njiani. Walipotoka kwenye maji walipumzika katika kijiji cha Rehenneko, chini ya milima ya Usagara, kisha wakafuata bonde la mto Mkondoa, mto ule ule upitao Kilosa, wakaelekea Mpwapwa.

Mtu huyo dunia nzima inamjua kwa jina la Henry Morton Stanley. Vitabu vya shule vimetufundisha safari zake, na jina lake wazazi wengi Wakristo katika nchi yetu wamewapa watoto wao. Lakini jina hilo hakuzaliwa nalo. Katika makala hii tumeona vyema tueleze jina la Stanley lilikotoka, jinsi lilivyosafiri, na jinsi lilivyomfikia mtoto ambaye hakuwa na haki nalo. Maana habari hizi zinahusu jambo linalotokea katika kila parishi, hata yetu.

JINA LILIKOTOKA

Zamani sana Waingereza hawakuwa na majina ya ukoo. Mtu alikuwa Yohana au Wiliamu, basi. Watu walipozidi kuwa wengi, na wafalme wakataka kuandika kodi na mashamba, ikalazimu kumtofautisha Yohana huyu na yule. Wengine walitajwa kwa kazi yao: mhunzi, msagaji, mfinyanzi. Wengine walitajwa kwa baba yao, na wengine kwa kijiji walichotoka. Polepole majina hayo yakashikamana na nyumba, yakarithiwa na watoto na wajukuu.

Jina la Stanley ni la aina hiyo ya mwisho. Limetokana na maneno mawili ya Kiingereza cha kale, moja lenye maana ya jiwe, na la pili lenye maana ya mahali palipofyekwa msituni. Stanley, basi, ni shamba jipya lenye mawe. Mkulima yeyote wa milimani kwetu aweza kuliona shamba hilo kwa macho ya moyo wake. Na kwa kuwa mashamba ya namna hiyo yalikuwa mengi, vijiji viitwavyo Stanley vilikuwa vingi pia, na si kila mwenye jina hilo ni ndugu wa mwingine. Hata sisi tunajua kwamba mahali huitwa kwa kile kilichoonekana pale: Mikumi yetu imepewa jina la miti ya mikumi iliyosimama huko.

Ukoo mmoja wa Stanley ulivuma kuliko yote. Ulitoka kijiji cha Stanley katika wilaya ya Staffordshire. Mwishoni mwa karne ya 13 kijana wa ukoo huo alioa binti wa nyumba yenye ardhi katika rasi ya Wirral, karibu na bahari ya magharibi, na kwa ndoa hiyo akapata kazi ya kulinda msitu wa mfalme. Baada ya miaka mia moja hivi, mwingine, Sir John Stanley, alioa binti tajiri wa Lancashire, naye akapata mashamba makubwa huko. Mwaka 1405 mfalme alimpa pia kisiwa cha Man. Mwaka 1485 Thomas Stanley, aliyekuwa baba wa kambo wa mfalme mpya Henry wa Saba, alipewa cheo cha Earl wa Derby. Hivyo jina la shamba la mawe lilipanda kutoka kijijini hata kufika ikulu, na ngazi yake ya kwanza ilikuwa ndoa njema.

Katika karne ya 19 ukoo huo ulikuwa katika kilele chake. Edward Stanley, Earl wa 14 wa Derby, alikuwa Waziri Mkuu wa Uingereza mara tatu, na mji mkuu wa visiwa vya Falkland, mbali kabisa katika bahari ya kusini, ulipewa jina lake. Tawi jingine la ukoo lilitoa askofu wa Norwich, na mwana wa askofu huyo, Arthur Penrhyn Stanley, akawa mkuu wa kanisa la Westminster Abbey, London. Huyo msomaji amkumbuke, maana tutakutana naye tena.

MTOTO WA DENBIGH

Sasa twende nchi ya Wales, katika mji mdogo wa Denbigh. Wawelshi walikuwa na desturi yao ya majina, nayo ilifanana zaidi na ya watu wa pwani yetu kuliko ya Waingereza. Mtu alitajwa kwa jina lake na la baba yake, na katikati neno "ap", ambalo ni kama "bin". Serikali ya Kiingereza ilipotaka majina ya kudumu, "ap Harry" ikawa Parry, na mwana wa Rowland akawa Rowlands. Kwa hiyo katika Wales jina la ukoo lilikuwa ni jina la baba lililogandishwa. Mtoto asiyekuwa na baba alikuwa na pengo pale pale mahali pa jina.

Tarehe 28 Januari 1841 msichana aitwaye Elizabeth Parry, ambaye hakuwa ameolewa, alizaa mtoto wa kiume mjini Denbigh. Februari mtoto alibatizwa katika kanisa la St Hilary. Aliitwa John, na kwa jina la ukoo akaandikwa Rowlands, kwa sababu mtu wa jina hilo, mlevi mmoja wa mashamba ya jirani, alitajwa kuwa baba yake. Wako waliosema hata hilo si kweli. Lakini kitabu cha ubatizo hakikuishia kwenye jina. Kando yake paliandikwa, kwa wino wa kanisa, neno la kueleza kwamba mtoto huyu ni mwana haramu.

Mama alikwenda zake kutafuta kazi, naye mtoto akalelewa na babu yake, mzee Moses Parry. Mwaka 1846 babu alifariki. Wajomba walimweka mtoto kwa jirani, wakawa wanalipa kwa juma, kisha wakaacha kulipa. Februari 1847 kijana wa nyumba ile alimbeba mtoto mabegani, akamwambia wanakwenda kwa shangazi yake. Walipofika mlango mkubwa wa mawe, kijana alipiga kengele, akamwacha, akaondoka. Ilikuwa nyumba ya maskini ya St Asaph, mahali walipowekwa wazee wasio na watoto, wagonjwa wa akili na watoto wasio na watu. John alikuwa na miaka sita. Alikaa humo miaka tisa.

Stanley mwenyewe aliandika uzeeni kwamba siku moja, alipokuwa na miaka tisa au kumi, mwanamke aliletwa katika nyumba ile pamoja na watoto wawili. Msimamizi alimwonyesha kwa kidole, akamuuliza kama anamjua. Mtoto akajibu hamjui. Akaambiwa kwamba yule ndiye mama yake.

Hapa tusimame kidogo. Tangu jadi, kwa Wakaguru na Wasagara, mtoto huhesabiwa katika ukoo wa mama yake. Mjomba ni mtu mkubwa, na mtoto ambaye baba yake hajulikani bado ana ukoo, ana shamba, na ana wazee wa kumsemea. Hatusemi kwamba mambo yetu yote yalikuwa mema. Ila mtoto wa Elizabeth Parry kama angezaliwa katika vilima vya Mamboya, asingekosa jina. Alikosa jina katika nchi yenye makanisa mengi, na wajomba zake walikuwa hai.

NG'AMBO YA BAHARI

Mwaka 1856 alitoka katika nyumba ya maskini. Ndugu wa mama walipokezana kumweka, kila mmoja akimchoka, hata akafika Liverpool. Desemba 1858 alipanda meli iitwayo Windermere kama mtumishi, na mwanzoni mwa mwaka 1859 meli ikatia nanga New Orleans, kusini mwa Marekani. Hapo akatoroka.

New Orleans ulikuwa mji wa pamba, zao tunalolijua sisi wa Kilosa. Pamba ililimwa na watumwa wenye asili ya Afrika, ikapelekwa kwa meli hata Liverpool, ikafumwa Lancashire, nchi ile ile ya ukoo wa Stanley. Pamoja na pamba walisafiri watu na majina yao. Mmoja wa wafanyabiashara wa pamba wa New Orleans, Mwingereza tajiri, aliitwa Henry Hope Stanley. Na katika miezi hiyo hiyo Waziri Mkuu wa Uingereza alikuwa Stanley wa Derby. Jina hilo lilinukia fedha na heshima pande zote mbili za bahari.

Baadaye kijana wetu alisimulia kwamba tajiri huyo alimwokota, akampenda, akamfanya mwanawe, na akambatiza upya kwa jina lake mwenyewe. Ni hadithi ya kugusa moyo. Lakini waandishi waliochunguza habari zake wameona kwamba haiwezi kuwa hivyo. Walioishi na tajiri yule hawakumjua mwana wa namna hiyo, na aliyempa kijana kazi alikuwa mwenye duka la vyakula, James Speake, aliyefariki mwaka 1859. Yaelekea kijana alilichukua jina mwenyewe, kisha akajitungia baba wa kufuatana nalo. Hata lile la katikati halikuja mara moja. Alijaribu Morley, akajaribu Morelake, hata miaka mingi baadaye akatulia na Morton.

Tusikimbilie kumcheka. Mtu aliyepewa aibu kitabuni siku ya ubatizo wake alijiandikia habari nyingine. Lakini uongo ule ulimdai riba maisha yake yote. Alipigana vita vya Marekani kwa upande wa kusini, akatekwa huko Shiloh Aprili 1862, akaingia jeshi la upande wa pili, akatolewa kwa ugonjwa. Akarudi Wales mwaka huo huo, mgonjwa, nguo zimechakaa, akabisha mlango wa mama yake. Mama akamfukuza. Tangu hapo alijifanya Mmarekani. Mwaka 1872, alipokuwa mashuhuri, watu wa Denbigh walimtambua na magazeti yakaandika kwamba ni John Rowlands. Alikana. Kila heshima aliyopata ilikuja na hofu kwamba kesho itafichuka.

MAJINA KATIKA MSAFARA

Turudi sasa katika tope la Mkata. Msafara ule ulikuwa na watu 192, ukagawanywa katika mafungu matano. Kiongozi wa askari aliitwa Sidi Mubarak Bombay. Huyu alikuwa Myao, aliyekamatwa utotoni, akauzwa, akapelekwa Bara Hindi, na jina la mji wa Bombay likamganda. Kwa hiyo katika maji yale walikwenda pamoja Mwelshi mwenye jina la shamba la Staffordshire na Myao mwenye jina la mji wa Bara Hindi. Wote wawili walikuwa wamepoteza majina yao ya kwanza kwa sababu watu wazima waliwatenda vibaya wakiwa watoto.

Je, kufanana huko kulimfundisha Stanley huruma? Hatuwezi kusema hivyo. Katika tope la Mkata aliwachapa wapagazi kwa mjeledi ili waendelee, na mwenyewe aliandika jambo hilo kitabuni bila kuona haya. Mzungu mwenzake, William Farquhar, aliyekuwa hoi kwa ugonjwa, aliachwa Mpwapwa, akafa huko.

Tabora mfanyabiashara Mwarabu alimpa zawadi ya mtoto mtumwa. Jina la mtoto lilikuwa Ndugu Mhali, nalo kwa maelezo ya Stanley lilikuwa na maana ya mali ya ndugu. Stanley hakulipenda. Akawaambia watu wake wapendekeze jingine, likachaguliwa Kalulu, ambalo katika lugha za Malawi na Zambia ni sungura. Likaletwa beseni la maji, wakampa mtoto jina kwa mzaha, kana kwamba ni ubatizo. Mtu ambaye jina lake lilikuwa jeraha alimbadilishia jina mtoto wa mwingine ili kupitisha jioni. Alimpenda Kalulu kwa namna yake: alimpeleka Uingereza, akamtia shule, akasafiri naye tena. Tarehe 28 Machi 1877 mtumbwi wa Kalulu ulichukuliwa na maporomoko ya mto Kongo, akafa. Stanley akayaita maporomoko yale kwa jina la Kalulu.

Livingstone alipatikana Ujiji mwaka 1871, na habari hiyo kila mtoto wa shule anaijua. Livingstone alifariki mwaka 1873, na watu wake wakaichukua maiti hata pwani. Tarehe 18 Aprili 1874 alizikwa Westminster Abbey. Mkuu wa kanisa lile alikuwa yule Arthur Penrhyn Stanley tuliyemtaja, Stanley wa ukoo hasa. Mbele ya wachukuzi wa jeneza alikuwa Henry Morton Stanley, Stanley wa kujitwalia. Mchukuzi mwingine alikuwa Jacob Wainwright, Myao aliyeokolewa utumwani na kusomeshwa na wamisionari Nasik, Bara Hindi. Naye alikuwa na jina la Kiingereza lenye maana ya fundi wa magari ya kukokotwa. Kalulu naye alikuwepo kanisani. Mbele ya jeneza moja, majina yale yalikuwa yametoka mbali sana na mahali yalipozaliwa.

BARUA KUTOKA BUGANDA

Sisi Waanglikana wa upande huu wa Tanzania tuna sababu ya pekee ya kumkumbuka mtu huyu. Mwaka 1875, akiwa kwa Kabaka Mutesa, Stanley aliandika barua kwa magazeti akiomba walimu wa Injili waje Buganda. Barua ilichapishwa London Novemba mwaka huo. Chama cha C.M.S. kiliitikia, na mwaka 1876 watu wake wa kwanza waliingia bara, Alexander Mackay akiwa mmoja wao. Njia ya kwenda Buganda ilipita Usagara na Ugogo. Kwa ajili ya njia hiyo kiliwekwa kituo Mpwapwa, kisha Mamboya, kaskazini ya Kilosa. Kanisa letu katika milima hii lilianza kama kituo cha njiani, na aliyeifungua njia kwa kalamu yake ni mtoto wa nyumba ya maskini.

Lakini mwaka ule ule wa 1875, mwezi wa Agosti, mtu yule yule alirudi na mitumbwi na bunduki katika kisiwa cha Bumbire, Ziwa Viktoria, ambako awali alitishwa na kunyang'anywa makasia, akawapiga risasi wenyeji waliosimama pwani. Hata Uingereza watu walilaani tendo hilo. Hatuwezi kuichukua barua tukaiacha Bumbire.

Kutoka 1879 hadi 1884 alimtumikia Mfalme Leopold wa Ubelgiji katika Kongo. Alipokuwa akivunja miamba ili kupitisha barabara ya kukwepa maporomoko, watu wa huko walimwita Bula Matari, yaani mvunja mawe. Alilipenda sana jina hilo. Ni ajabu: akiwa na jina la shamba la mawe, alipewa jingine la mawe. Lakini jina la pili halikubaki lake. Stanley alipoondoka, wenyeji walianza kuiita serikali yenyewe Bula Matari, na chini ya Leopold serikali hiyo ililazimisha watu kutafuta mpira kwa viboko, kwa bunduki na kwa kukata mikono. Kwa Wakongo wengi jina hilo lilikuwa sauti ya hofu.

MWISHO WAKE

Baada ya safari ya kumfuata Emin Pasha, iliyompitisha tena Usagara mwishoni mwa mwaka 1889, Stanley alirudi Uingereza. Julai 1890 alimwoa Dorothy Tennant katika Westminster Abbey. Akawa mbunge, na mwaka 1899 akapewa cheo cha Sir. Hawakupata mtoto. Mwaka 1896 walichukua mtoto mchanga wa kiume kutoka Wales, wakamlea na kumwita Denzil. Yule aliyejitungia habari ya kufanywa mwana na tajiri aitwaye Stanley, sasa yeye mwenyewe, tajiri aitwaye Stanley, alimfanya mtoto wa mwingine kuwa mwanawe. Jina ambalo hakupewa na mtu yeyote, alilitoa bure. Pengine hilo ndilo tendo lake jema kuliko yote, na halimo katika vitabu vya shule.

Alinunua nyumba huko Pirbright, kusini mwa London, na bustanini ziwa dogo akaliita Stanley Pool, kijito akakiita Kongo.

Alifariki tarehe 10 Mei 1904. Alitamani kulazwa Westminster Abbey karibu na Livingstone, lakini mkuu wa kanisa wa wakati huo alikataa. Akazikwa katika uwanja wa kanisa la Pirbright. Mkewe alitafuta jiwe kubwa lisilochongwa huko Dartmoor, likasimamishwa kaburini. Limeandikwa Henry Morton Stanley, na chini yake Bula Matari, kisha miaka, na neno Afrika. Jina la John Rowlands halimo. Habari za Denbigh na nyumba ya maskini alikuwa ameziandika kwa siri, na mkewe alizitoa kitabuni mwaka 1909.

Na majina aliyoyapanda? Mwaka 1966 Stanleyville iliitwa Kisangani. Stanley Pool iliitwa Malebo, na maporomoko ya Stanley yakaitwa Boyoma. Sanamu yake Kinshasa iliangushwa mwaka 1971. Katika Ruwenzori mlima Stanley, wenye mita 5,109, ungali na jina lake. Denbigh walimwekea sanamu, na mwaka 2021 wenyeji walipiga kura kama iondolewe. Wengi wakaamua ibaki. Mji uliomwandika mwana haramu sasa unamgombania.

Wapenzi wasomaji, wazazi walioita watoto wao Stanley hawana haja ya kuona haya. Jina ni shamba lenye mawe tu; anayelilima ndiye atakayeonyesha limezaa nini. Jambo tunalotaka likae mioyoni ni jingine. Mtoto aletwapo kwenye birika la ubatizo, kasisi huuliza jina lake yeye, wala haulizi la ukoo. Baadaye, katika chumba cha nyuma, ndipo daftari hufunguliwa, na huko kuna mistari ya kujaza. Mara nyingine mstari wa baba hauna jina. Mama huinamisha kichwa, na wanaosubiri nje hunong'ona. Mwaka 1841 mtu mmoja wa kanisa aliona kwamba nafasi ile lazima ijazwe kwa neno, akaliandika, na mtoto alilikimbia neno hilo kutoka Wales hadi Marekani, kutoka Mkata hadi Kongo, akiwaumiza wengi njiani.

Mstari ukiwa hauna jina, wazee wetu, uacheni mtupu. Andikeni jina la mama vizuri, kwa herufi zinazosomeka, kisha mumrudishie mtoto wake.